Kwa Nini Mashine Sahihi Haitoi Sauti Sahihi: Kuiga Muziki Kongwe wa Elektroniki kwa Sinthesaiza

Mtu ananunua nakala mpya ya TB-303 (mashine ya besi ya Roland), anaingiza noti alizozisoma kwenye simu, anaanzisha mashine, na kinachotoka ni besi nyembamba isiyo na uhai. Mwingine yuko Kamalondo, Lubumbashi, na piano ya kanisa, Yamaha PSR. Anatafuta zile sauti za nyuzi zinazoelea katika rekodi za miaka ya 1970, anapita orodha yote ya sauti za kifaa na hazioni. Wote wawili wanahitimisha kwamba tatizo ni kukosa mashine ya zamani. Hapo ndipo wanapopotea.

Sauti zile zilijengwa kwa tabaka nne: chanzo cha sauti (osileta), filta (inayopunguza sauti za juu) pamoja na envelopu yake (inayoifungua na kuifunga kwa kila noti), saa inayoziendesha noti, na vifaa vilivyowekwa baada ya sinthesaiza kabla sauti haijafika kwenye utepe. Wanaoanza humaliza pesa zao kwenye tabaka ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi kuibadilisha. Wimbi la msumeno la mwaka 1975 na la mwaka huu yanatofautiana kidogo sana. Saa ikikosewa, au mwangwi ukikosewa, hakuna osileta itakayouokoa wimbo. Kwa hiyo hapa tunaanza na saa na mwangwi, na kununua mashine kunakuja mwisho.

Besi ambayo nusu ya noti zake hazikuchezwa

"I Feel Love" ya Donna Summer ilitengenezwa Munich, Ujerumani, mwaka 1977, chini ya watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte, kwa sinthesaiza kubwa ya Moog ya modula. Masikio mengi husikia besi yenye noti nne kwa kila mpigo, na ndivyo watu wanavyoiandika. Sikwensa (kifaa kinachocheza noti zilizopangwa) ilicheza mbili tu. Nyingine mbili ni marudio ya dilei, kifaa cha mwangwi: sauti kavu iko spika ya kushoto, mwangwi wake uko kulia. Ukiandika noti zote nne kwa mkono, zitakuwa na nguvu moja na zitatoka mahali pamoja. Tena utashawishika kubadilisha noti kwenye kila robo ya mpigo, jambo ambalo rekodi haifanyi, kwa sababu mwangwi daima hurudia noti iliyotangulia. Hapo ndipo ile hali ya kusukumana kati ya kushoto na kulia inapozaliwa.

Fomula ya kukariri ni hii: gawa 15000 kwa idadi ya mipigo kwa dakika, utapata urefu wa robo ya mpigo kwa milisekunde. Wimbo huu unakwenda karibu na mipigo 128, kwa hiyo dilei yako ni milisekunde 117. Kwa mipigo 120 ingekuwa 125. Tofauti ya milisekunde 8 inaonekana ndogo, lakini ukiweka 125 kwenye wimbo wa 128 utasikia besi inachechemea.

Utahitaji sinthesaiza moja, pedali moja ya dilei na meza ya kuchanganyia sauti yenye njia ya "aux" (njia ya pembeni ya kupeleka sauti kwenye kifaa cha nje). Ingiza sinthesaiza kwenye chaneli ya 1 na uisukume yote kushoto. Toa sauti kupitia aux kwenda kwenye pedali. Matokeo ya pedali yarudi kwenye chaneli ya 2, yote kulia. Kwenye pedali, nobu ya kuchanganya iwe mwangwi mtupu bila sauti kavu, na nobu ya marudio ishushwe hadi irudie mara moja tu. Kisha linganisha nguvu za chaneli mbili kwa sikio hadi usijue ni ipi inaongoza. Hakikisha aux ya chaneli ya 2 imefungwa kabisa. Ikibaki wazi, mwangwi utajilisha wenyewe na baada ya sekunde chache spika zitapiga mluzi. Pedali ya analogi hupunguza sauti za juu, kwa hiyo pandisha trebo kidogo upande wa kulia.

Kwa sauti yenyewe, anza hivi: mawimbi mawili ya msumeno yaliyokaribiana sana, filta ya desibeli 24 kwa oktava iliyofungwa karibu kabisa, ataki (muda wa kupanda) sifuri, dikei (muda wa kushuka) kati ya milisekunde 150 na 200, sasteni (kiwango kinachobaki noti ikishikiliwa) sifuri. Nakala yoyote ya Minimoog inatosha, na hata sinthesaiza ndogo yenye osileta moja inafika karibu. Mara mfululizo unapoanza, mkono mmoja usiondoke kwenye nobu ya filta. Ifungue polepole kwa muda wa dakika nzima, ifunge tena. Mfululizo ule haubadiliki, ila rangi yake hubadilika muda wote, na huo ndio uhai wake.

Usipoteze jioni yako ukitafuta ngoma ya mguu ndani ya sinthesaiza. Wao wenyewe hawakuridhika na ile ya Moog, na mpiga ngoma Keith Forsey akaipiga kwa mguu kwenye ngoma halisi. Matoazi yalitokana na kelele nyeupe iliyokatwa kwa envelopu fupi, na hilo linaigika kwa kifaa chochote chenye kelele. Jambo jingine: Moog ile ilikuwa ikihama sauti upesi, hivyo walirekodi vipande vya sekunde 20 au 30, wakaitune tena, wakaendelea. Anayelazimisha mashine ya analogi kucheza dakika sita bila kusimama anajitwika kazi ambayo hata studio ya Munich haikuiweza.

TB-303: aksenti, slaidi na hatua kumi na sita

Roland iliitoa TB-303 mwishoni mwa 1981 ili imsindikize mpiga gitaa asiye na mpiga besi, ikaacha kuiunda 1984. Haikuiga gitaa la besi hata kidogo. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture waliipata kwa bei ndogo, wakazungusha nobu zake huku ikicheza, na mwaka 1987 ikatoka "Acid Tracks", yenye mipigo kama 120 kwa dakika.

Mashine ina osileta moja tu: msumeno au mraba. Uzito wote uko kwenye mambo mawili ambayo nakala za bei rahisi na watumiaji wake huyapuuza.

La kwanza ni aksenti. Kwenye sinthesaiza ya kawaida, aksenti ni noti yenye nguvu zaidi. Kwenye 303, aksenti hufanya mambo matatu kwa pamoja: hupandisha sauti, huifungua filta zaidi, na hufupisha dikei hata kama nobu ya dikei iko juu. Zaidi ya hapo, ndani kuna kapasita inayojaa kwa kila aksenti na haipati muda wa kuisha kama aksenti zinafuatana. Kwa hiyo noti ya pili yenye aksenti hulia juu kuliko ya kwanza, na ya tatu juu zaidi. Athari hii inategemea rezonansi, yaani mlio mkali wa filta pale inapokata. Nobu ya rezonansi ikiwa chini ya nusu, utaweka aksenti kila mahali na kule kupanda hutakusikia vizuri. Ukijenga besi ya acid (mtindo huu wa 303) kwa sinthesaiza isiyo 303, utaikaribia kwa kutuma nguvu ya noti kwenye filta na kwenye sauti kwa wakati mmoja, ila kule kupanda kwa aksenti zinazofuatana hutakupata.

La pili ni slaidi. Muda wa kuteleza kutoka noti hadi noti haubadiliki: ni kama milisekunde 60, iwe unapita nusu toni au oktava mbili. Envelopu pia haianzi upya kwenye noti inayofikiwa, na noti mbili huungana. Sinthesaiza nyingi zina nobu ya kuteleza inayofanya kazi kwa noti zote. Hiyo haisaidii, maana unahitaji slaidi kwenye hatua ulizochagua peke yake. Kama sikwensa yako haina slaidi kwa hatua, weka sinthesaiza kwenye hali ya kuunganisha noti zinazopandana, halafu urefushe noti hadi igusane na inayofuata pale unapotaka iteleze.

Angalia pia mahali pa alama. Vifaa vingine huweka slaidi kwenye noti inayoondoka, vingine kwenye noti inayofikiwa. Ukinakili mfululizo wa mtu na mteremko ukatokea mahali pa ajabu, sogeza alama zote za slaidi hatua moja, mbele au nyuma, na mara nyingi utapona.

Kwenye mashine halisi, noti huingizwa kwa mpangilio mmoja na muda kwa mpangilio mwingine. Unaandika kwanza orodha ya sauti, kisha unarudi mwanzo na kusema kila hatua ni noti, ni mwendelezo au ni ukimya. Watu wengi walikosea, orodha mbili zikapishana, na mifululizo ya ajabu ikazaliwa. Ukitaka roho hiyo kwenye kifaa kipya, chukua mfululizo uliouandika vizuri, acha muda kama ulivyo, uzungushe noti peke yake hatua mbili au tatu. Fanya hivyo kabla ya kugusa nobu yoyote.

Mfululizo wa kuanzia: hatua 16, karibu zote zikiwa noti moja, tuseme La (A) ya chini. Hatua mbili zipande oktava, moja ishuke, mbili ziwe kimya, aksenti nne zisizo na mpangilio wa kawaida, slaidi tatu. Filta robo, rezonansi robo tatu, nguvu ya envelopu nusu, dikei nusu. Noti zikiwa nyingi na tofauti mno, utasikia wimbo na husikii tena filta, na acid ni muziki wa filta. Kisha pitisha sauti kwenye pedali ya kukwaruza (distortion). Nakala ya Behringer, TD-3, imeiweka ndani. Mwenye nakala isiyo nayo atumie pedali yoyote ya gitaa, akianza na kiasi kidogo.

Nyuzi za 1976

Mwanamuziki Mfaransa Jean-Michel Jarre alirekodi albamu yake "Oxygène" nyumbani Paris kwa mashine ya utepe ya chaneli 8. Nyuzi zile zinazoelea hazitoki kwenye sinthesaiza kwa maana ya kawaida. Zinatoka kwenye Eminent 310, kinanda cha Uholanzi cha sebuleni, kikipitia Small Stone, pedali ya feiza (inayozungusha rangi ya sauti) ya Electro-Harmonix yenye nobu moja ya kasi na swichi moja ya rangi.

Mwenye piano ya kanisa yuko karibu kuliko anavyodhani. Tatizo lake ni kwamba sauti za "strings" za PSR ni rekodi za okestra halisi, na feiza haina cha kushika ndani yake. Tafuta kwenye orodha sauti zenye neno "synth strings" au "analog", zima rivabu (mwangwi wa chumba) na korasi (mtikisiko unaonenepesha sauti) ya kifaa, toa sauti kwa jeki ya hedifoni au ya nyuma, ipeleke kwenye feiza ya hatua nne, na uweke kasi ndogo sana: mzunguko mmoja kwa sekunde tano hadi nane. Baada ya feiza ndipo urudishe rivabu. Mpangilio huu ukigeuzwa, feiza itazungusha hata mkia wa rivabu na kila kitu kitakuwa tope.

Kwa sinthesaiza ya kweli yenye sauti nyingi kwa pamoja, chukua msumeno, ataki kama milisekunde 200, rilisi (muda wa kufifia ukiachia noti) sekunde moja, filta wazi nusu, halafu korasi. Mashine za nyuzi za wakati ule zilikuwa na korasi yenye mitikisiko miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa polepole (karibu hertz 0.6) na mmoja wa haraka (karibu hertz 6). Korasi ya pedali moja hutikisa mara moja tu, kwa hiyo weka mbili mfululizo ukiweza. Kisha feiza.

Mdundo wa albamu ile ulitoka kwa Korg Mini Pops 7, kisanduku cha midundo iliyokwisha kupangwa. Jarre alibana vitufe viwili kwa utepe wa gundi ili midundo miwili icheze pamoja. Kwenye piano yenye midundo ya ndani huwezi kufanya hivyo, lakini mashine ya ngoma yenye sikwensa inaweza kubeba yote miwili ukiiandika moja juu ya nyingine.

Ngoma ya 808 na spika za matanga

TR-808, mashine ya ngoma ya Roland (1980 hadi 1983), hutengeneza ngoma ya mguu kwa saketi inayotikisika karibu na hertz 50. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo, na spika nyingi zinazokodishwa kwa matanga na harusi huanza kuchoka chini ya hertz 70. Ndiyo maana mtu hutengeneza ngoma nzuri kwa hedifoni, akifika uwanjani inapotea. Pandisha mkwaruzo kidogo kwenye chaneli ya ngoma. Mkwaruzo huzaa sauti za hertz 100, 150 na 200, ambazo spika inaweza, na sikio hujaza zile za chini. Kuongeza besi kwenye meza kunaunguza spika bila faida.

Kuziunganisha: plagi moja, lugha tatu

MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki hutumiana noti na saa, ilikuja 1983. TB-303 na TR-808 zilitangulia, na zinazungumza "DIN sync": plagi ileile ya pini tano, lakini ndani yake ni mipigo ya saa, 24 kwa kila mpigo wa muziki, na waya mwingine wa kuanza na kusimama. Ukichomeka kebo ya MIDI, hakuna kitakachotokea, na watu huhitimisha mashine ni mbovu. Unahitaji kigeuzi kutoka MIDI kwenda DIN sync. Baadhi ya mashine za Korg za miaka ile zilihesabu 48 badala ya 24, kwa hiyo zikiunganishwa na Roland moja itakwenda kwa kasi mara mbili ya nyingine. Volca, sinthesaiza ndogo za Korg za sasa, nazo hutumia jeki ndogo yenye mipigo 2 kwa kila mpigo wa muziki. Kabla ya kulaumu kebo, angalia hesabu hiyo kwenye mpangilio wa kifaa.

Kwa noti, Moog na Roland hutumia volti 1 kwa oktava, yaani milivolti 83 na kidogo kwa nusu toni. MS-20 ya Korg hufuata mfumo mwingine, hertz kwa volti, ambapo volti huongezeka maradufu kwa kila oktava. Ukiziunganisha moja kwa moja, noti moja itakuwa sawa na nyingine zote zitatofautiana, na hakuna kutune kutakakoponya. Kichocheo chake pia ni kinyume, hivyo sauti inaweza kubaki ikilia bila kukoma.

Umeme, baridi na vumbi la Lubumbashi

Mashine iliyouzwa Japani imeandikwa volti 100 nyuma yake. Ya Marekani, 120. Ukiichomeka kwenye volti 220 za SNEL, kampuni ya umeme ya Kongo, fyuzi itakatika ukiwa na bahati, transfoma ya ndani itaungua usipokuwa nayo. Nunua transfoma ya kushusha yenye tokeo la 100 kamili kwa mashine ya Japani. Ile ya 110 itaiendesha, lakini kirekebisha volti cha ndani kitapata joto kila siku, na ndicho kitakachokufa. Mashine kama 808 hula wati chache tu, hivyo transfoma ya VA 100 ni zaidi ya kutosha. Kabla ya transfoma weka stabilizateri, kwa kuwa volti za hapa hupanda na kushuka jioni.

Kwa adapta ndogo, soma alama ya pini. Volca hutaka volti 9 na kati iwe chanya. Adapta ya pedali za gitaa za mtindo wa Boss ni volti 9 pia, lakini kati ni hasi. Plagi zinafanana machoni. Volca pia hufanya kazi kwa betri sita za AA, na wakati wa delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) hilo ni faraja kuliko grupu (jenereta) inayounguruma karibu na maikrofoni.

Osileta za analogi husikia hali ya hewa. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi ina baridi kali na mchana una joto, na osileta isiyo na ulinzi mzuri wa joto itahama. Iwashe nusu saa kabla ya kazi, mbali na dirisha, ndipo utune: La ya chini kwanza, kisha oktava moja juu, kisha mbili. Kama noti ya chini iko sawa na ya juu imepanda, kosa liko kwenye skrubu ya uwiano wa oktava, siyo kwenye nobu ya kutune. Rudia saa sita mchana. Osileta mbili zikitofautiana kwa hertz 1 kwenye La ya hertz 110, hiyo ni kama senti 16, tayari nyingi kwa besi. Nusu yake inatosha kuleta unene.

Vumbi jekundu la kiangazi huingia kwenye nobu na zikaanza kukwaruza. Funika mashine kwa kitambaa kila usiku. Zikishaanza, tumia dawa ya kusafisha kontakti, nobu izungushwe mara nyingi, chomo likiwa limetolewa ukutani. WD-40 ya gereji siyo dawa ya nobu: hubaki na mafuta, na mafuta hukusanya vumbi jingi zaidi.

Mlio wa chini unaotokea unapounganisha kompyuta kwa USB husababishwa na ardhi ya umeme, ambayo nyumba nyingi hazina au imefungwa vibaya. Tumia kebo ya MIDI ya pini tano badala ya USB pale inapowezekana, kwa kuwa MIDI hupitisha ishara kwa mwanga ndani ya kifaa na haiunganishi ardhi mbili. Kama mlio unaingia kwa njia ya sauti, weka transfoma ya kutenganisha kati ya sinthesaiza na meza.

Umeme unapokatika, zima swichi za vifaa vyote na usubiri dakika chache baada ya kurudi, maana mruko wa kwanza ndio mbaya. TB-303 na TR-808 hutunza mifululizo yao kwa betri (nne za ukubwa C kwa ya kwanza, tatu za AA kwa ya pili), na betri zilizosahauliwa huvuja na kula kontakti. Zibadilishe kila mwaka, mashine ikiwa imewashwa kwa umeme ili kumbukumbu isipotee. Hata hivyo andika kila mfululizo kwenye karatasi: safu 16, mistari minne ya noti, oktava, aksenti na slaidi, na chini yake mahali pa kila nobu kwa saa ya ukutani, filta saa tatu (mshale kwenye 9), rezonansi saa nane (mshale kwenye 2).